Kiwiko cha Trésor

Elkana hakuwahi kupatia. Hilo lijulikane mapema, maana ndilo lililomponza. Kila Jumapili baada ya ibada, mashabiki wa timu ya Mwari walikusanyika katika saluni ya Verdiane pale Liverpool, kitongoji cha Sydney, wakabishana ni mrushaji gani asajiliwe, na kila alichobashiri Elkana kilikwenda kombo. Akisema fulani anakuja, fulani huyo anakwenda Melbourne. Akisema fulani hafai, fulani huyo anarusha mechi nzima bila kuguswa. Mpaka Verdiane, mwanamke wa Bukavu mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara akageuka, akatunga sheria: "Elkana akisema ndiyo, sisi tuandike hapana."

Watu walicheka. Elkana naye alicheka, lakini ilimuuma. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mwenye kazi ya heshima kwenye meza ya mapokezi ya kliniki, kugeuzwa kichekesho kwa ajili ya mpira! Lakini ndivyo alivyo binadamu, anaweza kuvumilia njaa asivumilie kuchekwa.

Mwari ilikuwa timu ya besiboli ya upande ule wa Sydney, na usiulize Waafrika na besiboli wapi na wapi. Jibu lilikuwa kijana mmoja tu, Trésor Cirhuza. Huyu Trésor, mtoto wa Kivu, alikulia kambi ya wakimbizi, na kazi yake kule ilikuwa kufukuza nyani kwenye mahindi ya mama yake kwa mawe. Nyani alikuwa akipigwa kutoka mbali hata hajui jiwe limetoka wapi. Alipofika Australia, mwalimu wa michezo akamwona akirusha mpira, akasimama mdomo wazi. Basi Trésor akaingia timu ndogo ya mtaa, na watu wake wakaanza kwenda uwanjani kumwangalia. Wakaujua mchezo, wakaupenda, wakaishabikia na Mwari, timu kubwa ya karibu, wakawa hawashikiki.

Msimu ule, mwishoni mwa 2016, mrushaji wa kuanza wa Mwari aliumia bega kabla ya Krismasi. Na mrushaji wa kuanza ndiye mhimili wa nyumba: ndiye anayefungua mechi na kuibeba mpaka mkono uchoke. Mwari walihitaji mwingine, na dirisha la usajili lilikuwa lifungwe Ijumaa, tarehe kumi na tatu Januari, saa kumi na moja jioni. Kwa Trésor hiyo haikuwa hadithi ya saluni. Mwezi wa Februari Wamarekani wanaosaka vipaji wangekuja kutazama warushaji wa timu kubwa, si wa timu za mtaa. Na kwa karatasi zake alikuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja siku ya Bonane, kama Wakongo wanavyouita mwaka mpya. Wote walikuwa wamemwimbia, mama yake akapika kuku. Mwaka mwingine, umri ukishapita hapo, hakuna Mmarekani atakayemtazama. Ni sasa au basi.

Jumapili ile ya tarehe nane joto lilikuwa la kukaanga mayai kwenye lami. Feni ya Verdiane ilizunguka ikisukuma hewa moto kutoka kona hii kwenda kona ile. Tevin, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kensington, alikuwa na takwimu zote kwenye simu.

"Nisikizeni," Tevin alisema. "Kuna yule msee wa Newcastle, anarusha kwa kushoto. Kuna yule wa Canberra, lakini huyo amezeeka, mpira wake siku hizi hata nyanya yangu anaugonga. Na kuna Trésor. Kwa hesabu zangu, Trésor amewaacha wote."

"Ni Trésor, hakuna mwingine!" Balagizi alipiga paja. Alikuwa mzee anayefanya kazi ghalani, mikono mikubwa, na hakuwa na mambo mengi. "Meneja mwenyewe amekuja mara tatu kumwona. Mara tatu, ndugu zangu! Mzungu haji mara tatu kunywa maji."

"Na Elkana anasemaje?" Verdiane aliuliza, chanuo mkononi, akishikilia kichwa cha mteja. "Hebu tupe unabii wako, tujue cha kukwepa."

Kicheko kikapasuka. Hata mteja, ambaye hakujua besiboli wala nini, alicheka.

Hapo ndipo Elkana angepaswa kunyamaza. Kulikuwa na chai mbele yake, angeinywa. Lakini siku nne kabla, Jumatano, alipokuwa akiandaa orodha ya wagonjwa wa kesho yake, jicho lake lilikuwa limeangukia mstari mmoja. Cirhuza. Tarehe mosi Januari 1996. Kiwiko cha kulia, inashukiwa mshipa umechanika. Kliniki yao ilikuwa ya kupiga picha za mifupa na mishipa, na orodha ile haikuonyesha jina la kwanza. Lakini jina la ukoo lipo, tarehe ya kuzaliwa ipo, na Elkana alikuwa ameila ile siku ya kuzaliwa kwa meno yake mwenyewe, paja zima la kuku. Alhamisi ilikuwa zamu yake ya mapumziko, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe hakumwona. Alikuwa ameibeba habari ile siku nne bila kumwambia mtu. Alitia sahihi siku aliyoajiriwa kwamba ya kliniki hubaki kliniki, na hakuwahi kuvunja.

"Mnacheka," alisema. "Haya, chekeni. Lakini huyo Trésor wenu msimtegemee. Kiwiko kimekwisha."

Feni tu ndiyo iliyoendelea kulalamika.

"Umejuaje?" Tevin aliuliza.

"Najua ninalolijua. Mimi nafanya kazi wapi?"

Ee Mungu, alivyoona raha! Kwa mara ya kwanza wote walimtazama kama mtu. Verdiane aliweka chanuo chini. Balagizi alishika kichwa. Raha ile haikuzidi dakika mbili, na Elkana angeilipia maisha yake yote.

"Jamani, yasitoke humu," aliongeza haraka.

"Yatoke yaende wapi?" alisema Verdiane. Saluni yenye viti vitano, wateja wanane na simu tisa! Yasitoke humu!

Jioni ileile jua likiwa bado juu, Tevin, bila ubaya, aliandika kwenye ukurasa wa mashabiki: inasemekana Trésor ana tatizo la kiwiko, tuombe Mungu si kweli. Jumatatu mashabiki Wazungu wakaichukua. Jumanne ikamfikia meneja.

Jumatano Trésor alimfuata Elkana kituo cha treni. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye haya ya kutazama viatu anapozungumza na aliyemzidi umri.

"Kaka Elkana, samahani. Watu wanasema naumwa, wengine wananicheka. Meneja amenipigia, anataka daktari wa timu anipime, lakini daktari yuko likizo mpaka mwisho wa mwezi. Sydney nzima iko likizo. Kaka, mimi siumwi. Angalia." Akanyoosha mkono wa kulia, akaukunja, akaunyoosha. "Wewe unajua mambo ya hospitali. Nifanyeje?"

Elkana aliutazama mkono ule. Haukuonekana na kitu. Lakini akajiambia, kijana anaficha. Nani hangeficha? Angekuwa yeye, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, angesema ule mshipa hajawahi hata kuusikia. Na wazo hilo lilimfariji, maana kama Trésor anadanganya, basi yeye hakukosea, alivunja siri tu.

"Subiri," alisema. "Mungu yupo."

"Asante, kaka. Wewe peke yako hukunicheka."

Treni ikaja. Elkana aliingia hata bila kuangalia inakwenda wapi, akashukia Westmead, stesheni chungu nzima kupita kwake.

Ijumaa, saa tano asubuhi, mlango wa kliniki ulifunguka akaingia mwanamume mpana wa mabega, mkono wa kulia umefungwa bendeji na kuning'inizwa shingoni.

"Nimefuata picha zangu," alisema kwa Kiswahili alipoona Elkana ni Mwafrika. "Za kiwiko. Cirhuza."

Utaratibu wa kazi ulimsaidia Elkana kufungua mdomo. "Jina la kwanza na tarehe ya kuzaliwa, tafadhali."

"Méthode. Mosi Januari, tisini na sita."

"Haiwezekani," Elkana alisema, kisha akajirudi. "Samahani. Namaanisha... namjua Trésor."

Yule bwana akacheka kwa furaha. "Trésor ni mdogo wangu! Mimi nilikuwa Toowoomba, kwenye kiwanda cha nyama, miaka mitatu. Ndiko mkono ulikoharibikia. Nimerudi juzi tu, baada ya Bonane. Tarehe hiyo usiishangae, ndugu. Karani wa kambi alichoka siku ile, nani alikuwa na cheti? Wote tuliokuwa kwenye foleni alituandika mosi Januari. Mimi na mdogo wangu akatupa na mwaka mmoja, tukawa mapacha kwa karatasi. Mama anasema nimemtangulia miaka minne. Hata Trésor hakuzaliwa Januari, alizaliwa wakati wa kuvuna maharage."

Mosi Januari. Kliniki ilikuwa na wagonjwa wangapi wa tarehe hiyo? Wasudani, Waburundi, Wakongo, Waafghani. Elkana alikuwa akiziandika tarehe hizo kila wiki. Na zaidi ya hayo, kule saluni wanawake wa Kikongo walikuwa wakimwita mama yake Trésor "Mama Méthode". Mama Méthode karibu, Mama Méthode kaa. Alilisikia jina hilo mara mia. Yeye, Mkenya wa Nyamira, ambaye kwao kila mama huitwa kwa kifungua mimba wake, hakujiuliza hata siku moja: huyo Méthode ni nani? Kwake yeye alikuwa Mama Trésor, basi, kwa sababu Trésor ndiye aliyekuwa akizungumzwa.

Alimpa Méthode bahasha. Méthode alimshukuru, akamshika bega kwa mkono mzima, akaenda zake.

Ilikuwa saa tano na robo. Dirisha lingefungwa saa kumi na moja. Muda ulikuwepo, na asidanganywe mtu kwamba haukuwepo. Saa sita kasoro tano Elkana alitoka nje, akasimama nyuma ya jengo karibu na mapipa ya taka, akaipigia ofisi ya Mwari. Meneja akapokea mwenyewe.

"Kuhusu Trésor Cirhuza," Elkana alisema kwa Kiingereza. "Kiwiko chake ni kizima. Ile habari ni uongo."

"Afadhali," alisema meneja. "Nikwambie ukweli, namtaka yule kijana. Lakini wa Newcastle anasubiri jibu, na nikikosea nimepoteza msimu. Wewe ni nani, na umejuaje?"

Swali lenyewe ni hilo tu. Lilihitaji maneno machache: ni mimi niliyesema, nafanya kazi kliniki, niliona jina nikalikosea. Angeyasema, Trésor angesajiliwa. Angeyasema, kesho yake kliniki ingejua, naye angekuwa nje, na visa yake ilikuwa imening'inia kwenye kazi ile.

"Haloo?" alisema meneja. "Upo?"

Elkana akakata simu.

Alijiambia atapiga tena baada ya chakula. Baada ya chakula akajiambia saa nane. Saa nane kulikuwa na foleni. Saa tisa alishika simu, akaona jasho lake limelowanisha kioo, akaifuta kwenye suruali, akairudisha mfukoni. Saa kumi na moja na dakika nne simu ikatetemeka yenyewe. Tevin: Wamemchukua wa Newcastle!!!

Halafu ujumbe ukaanza kumiminika. Elkana, leo umepatia! Nabii Elkana! Verdiane akatuma sauti yake, anacheka na kusikitika palepale: "Lisemwalo lipo, bana! Kumbe wewe ndiye ulikuwa na macho. Kuanzia leo nakukalisha kiti cha mbele."

Aliisikiliza sauti ile mara tatu chooni kwenye kliniki. Alikuwa ameitamani sifa hiyo misimu miwili. Sasa akaizima simu, akarudi mezani kwake.

Jumapili hakwenda saluni, lakini Mama Trésor alimtumia ujumbe aje nyumbani saa tisa. Jina lake lilikuwa Concilie, mwanamke mwembamba anayefanya usafi katika nyumba ya wazee, na alipenda sala ambazo Elkana aliziongoza kanisani. Kukataa mwito wa mama kama huyo huwezi. Alikwenda kwa miguu, na kila nyumba aliyopita aliombea iwe mbali zaidi ile anayokwenda.

Aliwakuta sebuleni, mama na wanawe wawili. Balagizi alikuwepo pia, amekaa ukingoni mwa kochi. Mezani kulikuwa na ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Méthode, mkono bado shingoni, alinyanyuka kwa shangwe. "Huyu ndiye aliyenipa picha zangu! Mama, ni huyu."

"Ni mtu mwema," Concilie alisema. "Trésor ameniambia. Wote walisema maneno, yeye hakumcheka. Kula, mwanangu."

Alikula. Trésor alikuwa akimwekea samaki kwenye sahani, kipande kikubwa kuliko chake mwenyewe.

"Umeshajua ni nani alisema?" Balagizi aliuliza kwa sauti ya chini, akimwambia Trésor, lakini macho yake yalikuwa kwa Elkana. Kumbe mzee alikuwa amekaa na jambo lake. Alikuwepo saluni, alisikia. Na leo amemwona Méthode na kiwiko chake, akajumlisha.

"Sijui, baba," alisema Trésor. "Nikijua itanisaidia nini? Dirisha limefungwa."

"Kujua kunasaidia," alisema Balagizi.

Concilie akainua mkono. "Hapana. Sitaki kisasi kwenye nyumba hii. Tulikimbia visasi kule, hatukuja navyo." Akamgeukia Elkana. "Ndiyo maana nimekuita. Leo utuongoze katika sala. Umwombee Trésor apate moyo. Na umwombee yule aliyesema, yeyote yule, Mungu amsamehe, na sisi tumsamehe. Mimi mwenyewe nimejaribu siku mbili, maneno hayatoki. Wewe una maneno."

Walisimama, wakashikana mikono kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Kushoto kwake Elkana alishika mkono wa Concilie, mkavu, umepauka kwa dawa za kusafishia. Kulia kwake alishika mkono wa Trésor. Ulikuwa mkono wa kulia, ule wa kurushia. Wakafumba macho, isipokuwa Balagizi.

"Baba yetu wa mbinguni," Elkana alianza, na sauti yake ya sala ikaja, ile nzuri, iliyozoea. "Tunakushukuru kwa nyumba hii. Tunakushukuru kwa chakula. Tunamleta kwako mtoto wako Trésor..." Hapo akakwama. Alitafuta sentensi inayofuata. Zilikuwepo nyingi, tamutamu, zisizomgusa mtu. Angeweza kumwombea yule aliyesema, kama mtu wa mbali, akasema amina, akanawa mikono akaenda kwake. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Baba, ni mimi," alisema.

Balagizi aliinamisha macho.

"Ni mimi niliyesema. Niliona jina la Méthode kazini nikadhani ni la Trésor. Sikuuliza. Nilisema ili nisichekwe. Na Ijumaa nilijua nimekosea, dirisha halijafungwa, Baba, zilibaki saa tano. Nilipiga simu. Waliniuliza mimi nani, nikakata. Niliogopea kazi yangu. Ni mimi, Mama. Ni mimi, Trésor. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina.

Mkono wa Concilie uliteleza ukatoka katika wake, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeweka chini kitu kilichomshinda uzito. Mkono wa Trésor haukutoka. Ulibana. Ulibana zaidi, mpaka vidole vya Elkana vikalia, mpaka maumivu yakapanda kwenye kifundo, na Elkana hakuuvuta wake. Alisimama macho yamefumbwa akiusikiliza ule mkono, nguvu zake zikitoka begani, zikipita kwenye kiwiko, zikifika kwenye vidole bila kupungua hata kidogo. Kiwiko kile hakikuwa na kasoro yoyote.